Jiwe la Ushirikiano

Ilikuwepo nchi moja, na nasikia bado ipo, ambayo jina lake nimelisahau kwa sababu za kiafya. Katika nchi hiyo usawa ulithaminiwa kuliko chakula. Usawa ulikuwa na wizara, wizara ilikuwa na waziri, na waziri alikuwa na msafara wa magari kumi na moja, yote ya rangi moja, ili lisitokee gari la kujiona bora kuliko mengine.

Siku moja Wizara ya Elimu ya Juu na ya Juu Zaidi iligundua kwamba vyuo vikuu havikujua wananchi wanaishi wapi. Lilikuwa jambo la aibu, kwa sababu wananchi walijua vizuri sana vyuo vilipo. Wengi wao walihamishwa kuvipisha. Basi ukatungwa Mpango wa Taifa wa Ushirikiano wa Haki na Usawa kati ya Vyuo Vikuu na Jamii kwa Njia ya Ufundishaji. Chuo kitafundisha jamii, jamii itafundisha chuo, na wote watakuwa sawasawa. Jina la mpango lilijaza ukurasa mzima, na waliouzoea utawala wa nchi ile walijua kwamba jina likifikia urefu huo kazi kubwa imeshafanyika.

Mpango ulimkuta Bi Nyamizi ameinama ndani ya tope.

*

Kijiji chake kiliitwa Malembo, na Malembo kilikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia: chemchemi isiyokauka. Mwaka wa njaa kubwa vijiji vitatu vilikunywa hapo. Lakini haikuwa chemchemi ya kuachwa ijiendeshe. Kila mwaka, kiangazi kikiwa kimefika shingoni na mvua za kwanza bado, wanawake waliifukua. Walichota maji wakayatoa, wakazoa tope la mwaka mzima kwa mikono, kisha mtu mmoja akaingia peku kulitafuta jicho, yaani mahali hasa maji yanapotokea ardhini.

Jicho huhama. Mwaka huu liko hapa, mwakani limesogea hatua mbili kuelekea miwa. Huwezi kuliona, kwa kuwa liko chini ya tope. Kisigino ndicho kinacholijua, kwa ubaridi wake na kwa jinsi linavyosukuma kidogo kidogo. Likishapatikana husafishwa kwa vidole na kuachwa wazi. Likizibwa, maji hutafuta njia nyingine huko chini, na pengine hayarudi tena. Anayeijua kazi hiyo huitwa mshika jicho. Bi Nyamizi alifundishwa na shangazi yake kwa misimu sita, na miwili ya kwanza alibeba tope tu, marufuku kuuliza swali.

Sasa alikuwa na miaka sitini na minne na siri moja aliyoificha hata kwa wifi yake Kalunde, aliyeshinda naye kutwa: miguu yake ilikuwa inaanza kufa ganzi. Mwaka uliopita alilitafuta jicho tangu asubuhi hadi adhuhuri. Wala hakuwa na wa kumrithisha. Mabinti wa Malembo walikuwa wameondoka, na waliobaki hawakutaka kusikia habari za tope. Akifa yeye, au kisigino chake kikitangulia kufa, chemchemi ingebaki na nani?

Kwa hiyo magari ya Chuo yalipotelemka bondeni na kijana mwenye suti akasema, "Mama, tumekuja kujifunza kwako. Tuna wanafunzi arobaini," Bi Nyamizi nusura alie. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kijana huyo alikuwa Daktari Gaudensi Mbelwa, daktari wa vitabu na si wa sindano, mhadhiri wa masomo ya maji. Hakuwa mtu mbaya. Katika nchi ile watu wabaya walikuwa wachache mno. Kazi nyingi zilifanywa na watu wasio wabaya.

"Karibu sana, mwanangu," alisema Bi Nyamizi. "Vueni viatu mwingie."

Daktari Mbelwa alivitazama viatu vyake. "Hilo tutalizingatia," akasema.

Msomaji mgeni ajue kwamba katika nchi ile kuzingatia jambo ni kulifunika kwa heshima na kulisubiri life.

*

Hati ya makubaliano ilikuwa na kurasa thelathini na mbili. Waliileta pamoja na wino wa kidole gumba, kifuniko kimeshafunguliwa. Bi Nyamizi akaomba kalamu, akavaa miwani, akaanza kusoma. Jambo hilo liliwasumbua sana wageni, kwani ratiba ilitenga dakika nne za kutia saini na haikutenga hata moja ya kusoma.

Kifungu cha tatu kilisema Mshirika wa Kwanza, yaani Chuo, atatoa utaalamu, na Mshirika wa Pili, yaani Jamii, atatoa eneo, maji, chakula cha mchana na shukrani. Kifungu cha tisa kilisema mradi ukifanikiwa, mafanikio ni ya Mshirika wa Kwanza. Ukishindwa, lawama zitagawanywa nusu kwa nusu, kwa kuzingatia usawa.

"Sijaona mahali mlipoandika kwamba jicho halifunikwi," alisema Bi Nyamizi.

"Mama, hilo linaeleweka."

"Kama linaeleweka, liandikeni."

"Tukiandika kila linaloeleweka," alisema Daktari Mbelwa kwa upole, "hati haitaisha."

Kalunde alimvuta wifi yake pembeni. "Wifi, hawa watu siwaelewi. Mtu anayekuja kujifunza haji na karatasi aliyokwisha kuiandika."

"Vijana arobaini, wifi," alisema Bi Nyamizi. "Nikimpata mmoja tu, inatosha."

Akatia saini. Wakapiga makofi, wakala kuku wake wawili kulingana na kifungu cha tatu, wakaondoka.

*

Masomo yalianza mwezi wa tatu. Chuo kilimleta Afisa Usawa mwenye saa ya kupimia mbio, kwa maana kila kipindi kilikuwa cha dakika tisini, arobaini na tano za Chuo na arobaini na tano za Jamii, na haikuruhusiwa upande mmoja uupite mwingine hata kwa nukta. Lakini utambulisho wa wageni ulihesabiwa kwenye dakika za Jamii, kwa sababu wageni walikuja kwa ajili ya Jamii. Hotuba ya ufunguzi vilevile, kwa sababu ilikuwa inaisifu Jamii. Muda wa Afisa Usawa kueleza utaratibu wa muda nao ulikatwa humohumo. Bi Nyamizi akabakiwa na dakika sita.

Viti navyo vilikuwa sawa, arobaini na vitatu vya aina moja. Yeye peke yake hakupewa. Walimweleza kwamba jamii yake kwa desturi hukaa chini na Chuo hakikutaka kuvuruga utamaduni. Aliwajibu kwamba kwake ana viti sita na kochi. Hilo nalo likazingatiwa.

"Mama, tunahitaji matokeo tarajiwa," alisema Daktari Mbelwa, kalamu mkononi. "Baada ya somo la kwanza mwanafunzi ataweza kufanya nini?"

"Ataweza kubeba tope."

"Na baada ya somo la pili?"

"Atabeba tope bila kulalamika."

Daktari Mbelwa akaandika kwamba mwanafunzi ataweza kuchambua kwa kina dhana ya uhamishaji wa mashapo katika muktadha wa kijamii. Alimsomea. Bi Nyamizi akamuuliza kama hayo mashapo yana uzito.

Kisha yalikuja mabuti. Sera ya usalama iliamuru kila mwanafunzi avae mabuti ya mpira mpaka magotini, na Bi Nyamizi akabaki anawafundisha kusikia kwa kisigino watu arobaini waliofungiwa visigino vyao ndani ya mpira. Walisimama majini kama nguzo za ua, wakasema hawasikii kitu. Wiki ya tano binti mmoja mrefu wa mwaka wa tatu, jina lake Yusta, msichana asiye na maneno mengi, alikaa ukingoni akavua mabuti yake, akaingia. Alisogea hatua kwa hatua, akipapasa kwa kisigino.

"Bibi," alisema mwishowe, "hapa pananisukuma."

Bi Nyamizi alimshika mkono binti yule, akaubana. Siku ya pili Yusta alipokea barua ya onyo kwa kuhatarisha vidole vya miguu vilivyosajiliwa na Chuo, lakini wiki iliyofuata akavua tena.

Siku hiyo wanafunzi wengine walikuwa wanakatiza majini na mabuti yao, wakikanyaga ovyo, na Bi Nyamizi akawapandishia sauti. "Hapo mnapokanyaga ndipo pakubwa kuliko pote Malembo. Kila kitu chetu kinaanzia hapo."

Daktari Mbelwa, aliyekuwa anaandika akiwa kwenye kiti cha gari mlango ukiwa wazi, maana viatu vyake bado vilikuwa vinazingatiwa, aliliandika neno hilo kama lilivyotamkwa. Ni neno pekee la Bi Nyamizi ambalo Chuo hakikulirekebisha. Laiti wangelirekebisha.

*

Mwezi wa saba walimpeleka mji mkuu kwenye Semina ya Kuwajengea Uwezo Wabia wa Jamii. Mada ilikuwa namna ya kusikilizwa. Kwa siku sita wataalamu kumi na wawili waliwafundisha wabia namna ya kusikilizwa, na kila mbia alipoinua mkono aliombwa avumilie, muda wa maswali utafika. Siku ya saba ilikuwa ya kupiga picha.

Huku nyuma, Kamati ya Jiwe ilikuwa kazini. Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Mhandisi Balthazari Kongoro, alikuwa ameagiza ushirikiano uwekewe jiwe la kumbukumbu, kwa kuwa katika nchi ile jambo lisilo na jiwe halikuwahi kutokea. Kamati ilikutana mara nane kutafuta mahali. Penye wengi pana mengi: mmoja alitaka barabarani, mwingine shuleni. Ndipo lilipofunguliwa daftari la Daktari Mbelwa, na jibu likaonekana limetoka kinywani mwa Jamii yenyewe. Hapo ndipo pakubwa kuliko pote Malembo. Kila kitu kinaanzia hapo. Wajumbe waliguswa sana. Mmoja alifuta machozi, na iliandikwa katika kumbukumbu za kikao kwamba alifuta.

Yusta aliposikia habari hizo alimpigia Daktari Mbelwa simu mara tatu kumwonya. Mara ya tatu alipokelewa akaambiwa kwamba mwanafunzi haishauri kamati.

Walikausha chemchemi kwa mashine, wakasuka nondo, wakamimina zege upana wa chumba na kimo cha goti. Kalunde na wanawake wengine walipopiga kelele waliambiwa mwenzao ndiye aliyepachagua, na kwamba kwa sasa yuko mjini anajengewa uwezo.

Bi Nyamizi alirudi siku ya Jumamosi. Aliteremka bondeni na cheti chake cha kusikilizwa mkononi, akaliona. Juu yake palikuwa na bamba la shaba limeandikwa kwamba jiwe hili liliwekwa na Profesa Mhandisi Balthazari Kongoro kuadhimisha uhusiano unaotiririka daima kati ya Chuo na Jamii.

Alikaa palepale. Wengine husimulia kwamba alilia. Hakulia. Alitaka kuua mtu, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutaka hivyo, na alishangaa kuona kwamba hakujisikia vibaya.

"Mama, tumekufuata wewe," alisema Daktari Mbelwa, aliyekuwa amekuja kupiga picha za ripoti. "Ulisema hapa ndipo pakubwa kuliko pote."

"Nilisema pasikanyagwe."

"Hilo lilikuwa la mdomo, mama. Halimo kwenye hati."

*

Maji yaliendelea kuvuja pembeni mwa zege kwa siku nne, machafu. Siku ya tano yakawa unyevu. Wiki ya pili udongo ulipasuka, na miwa ya ukingoni ikageuka rangi.

Wanawake wa Malembo wakaanza kwenda kwenye lambo la ng'ombe, mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi na ndoo kichwani, kuchota kile ambacho ng'ombe walikuwa wamekwisha kukitumia. Binti wa Kalunde alikuwa ametoka kujifungua wiki hiyohiyo. Kichanga kilianza kuharisha, na mama yake hakuwa na maji ya kufulia wala ya kujikandia. Kalunde alikuja kwa Bi Nyamizi asubuhi na mtoto mgongoni, hakupiga hodi.

"Mtazame," alisema, akamgeuza mtoto. Utosi ulikuwa umedidimia. "Miaka yote shangazi yako hakumwonyesha mtu wa nje. Ukoo kwa ukoo. Wewe ukawaonyesha, wifi. Ukawashika mkono ukawaambia hapa ndipo."

"Nilitaka lisipotee."

"Limepotea."

Walimkimbiza mtoto zahanati kwa baiskeli, akawekewa maji ya dripu, akapona. Lakini Kalunde hakusema naye tena, na Bi Nyamizi hakumlaumu. Aliona mambo yalivyo: alikuwa ameitoa roho ya kijiji kwa mikono yake, mchana kweupe, na chakula cha mchana juu.

Akaenda Chuoni kulalamika. Getini walimwomba kitambulisho, akatoa kadi yake ya Mkufunzi Mwenza, wakampigia saluti wakamwelekeza mlango wa wauza mboga. Ofisi ya Ushirikiano ilimpokea kwa furaha. Afisa alisoma malalamiko yake mpaka mwisho, akasema yameandikwa vizuri mno kwa mtu wa jamii, isipokuwa yana kasoro moja.

"Ushirikiano ni wa pande mbili sawa," alieleza. "Kwa hiyo malalamiko ya upande mmoja ni kinyume cha usawa. Lazima na Chuo nacho kilalamike, kwenye fomu hiihii, kwa uzito uleule."

"Chuo kinalalamika nini?"

Afisa alipiga simu ndani, akasikiliza, akaikata. "Chuo hakina malalamiko, mama. Kinaridhika. Basi mpaka hapo tumetoshana nguvu."

Hata hivyo Chuo hakikumtupa. Kiliunda timu ya utafiti kuchunguza sababu za kukauka kwa chemchemi. Hojaji ilipita nyumba kwa nyumba ikiuliza kama mwananchi ameridhika na ushirikiano: sana, sana sana, au hajui. Ripoti ilionyesha kwamba asilimia tisini na nane ya wanajamii walikuwa na mazoea ya kutumia maji, na kwamba mazoea hayo ndiyo yaliyoyamaliza.

*

Mwezi wa kumi, wakati ambao mwaka mwingine wowote ungekuwa wa kufukua, wanafunzi arobaini waliletwa kufanya mtihani wa vitendo. Bi Nyamizi alipewa dakika zake sita za kutunga swali. Alitumia nukta chache tu.

"Tafuteni jicho," alisema.

Thelathini na tisa walifungua madaftari. Waliandika kwamba jicho liko kwenye Kielelezo cha Nne, mchoro wa Daktari Mbelwa wenye mishale. Yusta alivua viatu. Lilikuwa jua la saa saba, jiwe limechemka, akapanda juu yake akianza pembeni, hatua kwa hatua, nyayo zikiungua, uso umekunjamana. Karibu na ukingo wa upande wa miwa akasimama. Akarudi nyuma, akaja tena palepale.

"Hapa zege ni baridi, bibi," alisema. "Kwingine kote ni moto."

Bi Nyamizi alipanda, akaweka kisigino. Kisigino chake hakikumwambia kitu, kilikuwa kimeshakufa. Akaweka kiganja. Baridi.

"Umefaulu," alisema. "Anayeliona jicho hulifukua. Hilo ndilo somo lenyewe, mengine yote yalikuwa porojo."

Akaenda kwake akarudi na mtaimbo. Chuma hakiruhusiwi chemchemini, lakini na nondo za profesa zilikuwa chuma. Pigo la kwanza halikufanya kitu ila kumtetemesha mpaka meno. Pigo la pili lilikwangua bamba la shaba. Daktari Mbelwa alisogea na mikono juu. "Mama, hii ni mali ya ushirikiano. Nusu yake ni yetu."

"Mimi navunja nusu yangu."

"Nitaandika nini kwenye ripoti?"

Bi Nyamizi alitua mtaimbo akamtazama. "Mwanangu, miezi saba unakuja hapa. Hujawahi kuvua viatu hata siku moja. Usiniulize mimi cha kuandika."

Yusta aliupokea mtaimbo. Sauti ya chuma juu ya zege ilifika kijijini, wanawake wakaja mmoja mmoja, wengine na nyundo za waume zao, wengine na mawe. Kalunde alikuja wa mwisho, na mchi wa kutwangia. Alisimama karibu na wifi yake akaanza kutwanga. Walivunja alasiri hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya tatu walifika kwenye tope jeusi wakaacha vyuma wakaingiza mikono, na Yusta akashuka shimoni peku mpaka mapajani, huku Bi Nyamizi akimwelekeza kutoka ukingoni kama shangazi alivyomwelekeza yeye. Likatoka povu, kisha maji ya rangi ya chai, kidogo, kiasi cha kujaza ndoo moja mpaka kuswali magharibi. Wiki moja baadaye yalikuwa bwawa la hatua ishirini, na tope likaanza kutulia.

*

Mtu angedhani wangepelekwa mahakamani. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Gazeti la Chuo liliandika kwamba wanafunzi wa mwaka wa tatu, chini ya uongozi wa Profesa Kongoro, wamegundua chemchemi mpya Malembo.

Profesa mwenyewe alifika na msafara, mtambo wa kuchimbia ukiburutwa nyuma ya lori, na gari lililobeba nyaya za uzio. Alikuwa mtu mnene wa sauti tamu, na alisimama ukingoni akafungua hotuba.

"Ndugu zangu Jamii," alisema, "katika awamu ya kwanza tulifanya kosa, nami si mtu wa kuficha. Hatukuwasikiliza vya kutosha. Awamu ya pili itakuwa ya kusikilizana. Tutajenga hapa Kituo cha Umahiri wa Ushirikiano. Tutaweka pampu juu ya jicho lenyewe. Maji yatapanda mpaka kwenye nyumba za wageni za Chuo kule mlimani, na Jamii itachota kila Jumanne, saa tatu hadi saa tano, kwa kuonyesha kitambulisho. Uzio ni kwa usalama wenu. Sasa, kwa unyenyekevu mkubwa, kabla hatujatoboa, tunawauliza ninyi wenyewe."

Akakunja karatasi, akamgeukia Bi Nyamizi. Mtambo ulikuwa umeazimwa kwa siku moja. Kielelezo cha Nne kilikuwa kimeshajaribiwa asubuhi ile kwa fimbo ndefu, kikaonyesha mwamba mtupu. Mahali pa jiwe la kwanza hapakuwa pamepimwa, kwa kuwa kamati iliona jiwe lenyewe ndilo alama, na sasa jiwe halikuwapo na bwawa lilikuwa limepafunika.

"Mama yetu, mkufunzi wetu mwenza," alisema Profesa. "Jicho liko wapi?"

Bwawa lilikuwa limetulia, na hapana jicho la binadamu lingeweza kuona kilichoko chini yake. Bi Nyamizi alikaa chini, kama alivyotakiwa na utamaduni.

"Sijui," alisema.

Profesa alitabasamu. "Mama, wewe ndiye mshika jicho."

"Miguu yangu imekufa. Sijui."

Akamwuliza Kalunde. Kalunde akasema hajui, yeye ni mtu wa kutwanga tu. Akauliza wanawake waliosimama nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akasema hajui kwa adabu kamili, na Afisa Usawa akaandika majibu yote kwa wino wa aina moja. Daktari Mbelwa alikuwa anatazama viatu vyake.

Ndipo Profesa alipomkumbuka Yusta. Alimwita mbele kwa jina lake lote, akamshika bega. Alimweleza, kwa sauti ya baba, kwamba alama za mtihani wake bado hazijasainiwa, kwamba anamaliza mwezi huu, na kwamba swali lenyewe ni lilelile aliloulizwa na akalijibu vizuri kuliko wenzake wote.

"Haya, binti yangu. Jicho liko wapi?"

Yusta alitazama maji. Miguu yake ilikuwa na tope kavu mpaka magotini na malengelenge ya lile jiwe yalikuwa bado hayajapona. Wazazi wake walikuwa wameuza shamba ili afike mwaka wa tatu, na Bi Nyamizi alilijua hilo, kwa kuwa binti alimwambia siku walipokuwa wakizoa tope. Bi Nyamizi akainamisha kichwa. Hakutaka kumwomba kitu kwa macho. Alikwisha kumfundisha, na kilichobaki hakikuwa chake tena.

"Sijui, Profesa," alisema Yusta.

Walingoja mpaka saa kumi, kisha mtambo ukarudishwa kwa mwenyewe. Kwenye karatasi ya matokeo iliyobandikwa wiki ile, mbele ya jina la Yusta, katika somo la Ushirikiano, palikuwa na sifuri. Sahihi ilikuwa ya Daktari Mbelwa.